Nani Alipie Ukumbi wa Kanisa

Katika miji midogo ya Tanzania, ua wa kanisa huwa na sehemu tatu. Lipo kanisa lenyewe, lenye altare, mabenchi na sakristia. Upo ukumbi wa parokia au wa usharika, ambao mara nyingi ni jengo refu la bati lenye jukwaa upande mmoja na vyumba viwili vya stoo nyuma yake. Halafu upo uwanja unaoyazunguka majengo hayo, ambako maturubai hufungwa siku za sherehe na misiba. Kila sehemu ina kazi yake, ina gharama zake, na katika madhehebu mengi ina kanuni zake. Mji huzitazama zote kama mahali pamoja, na migogoro mingi juu ya matumizi ya kanisa huanzia hapo.

Muumini aliyechangia tofali na saruji hushangaa anapoambiwa alipie harusi ya mwanawe. Mwislamu wa mtaa wa pili hajui kama anaweza kuomba ukumbi kwa mahafali ya chuo chake cha ushonaji. Mwenye ukumbi binafsi barabarani hulalamika kwamba kanisa linamharibia soko. Mzee wa kanisa huuliza imekuwaje bia inywewe hatua ishirini kutoka mahali pa ibada. La kwanza ni swali la umiliki, la pili la utume, la tatu la kodi na la nne la utakatifu wa mahali. Uongozi unaotafuta jibu moja la kutosha yote manne hujikuta umejibu moja tu, tena nusunusu.

Kanisa lilivyojikuta mwenye ukumbi

Misheni za mwanzo hazikujenga kumbi za kukodisha. Kituo cha Bagamoyo, kilichoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kilikuwa na kanisa, shule, karakana, mashamba na makazi ya watumwa waliokombolewa. Vituo vilivyofuata, vya Wakatoliki na vya Waprotestanti, vilikwenda kwa mtindo unaofanana na huo: kanisa, shule na zahanati katika eneo moja. Kwa miaka mingi darasa la shule ndilo lililofanya kazi ya ukumbi. Mikutano ya kina mama, mafundisho ya wakatekumeni na mazoezi ya kwaya yalifanyika kwenye madawati ya wanafunzi.

Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za mashirika ya dini zilihamia mikononi mwa serikali. Kanisa likabaki na jengo la ibada na kiwanja chake, na likawa linamwomba mwalimu mkuu nafasi katika madarasa ambayo zamani yalikuwa yake. Ukumbi wa parokia, pale ulipojengwa baadaye, ulikuwa kwanza jibu la upungufu huo. Wateja wa nje walikuja baadaye.

Wateja hao nao walikuwa na sababu zao. Wakati wa chama kimoja, ukumbi wa TANU, na baada ya 1977 ukumbi wa CCM, ulihesabika kuwa wa wananchi wote. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kumbi na viwanja vingi vilibaki mali ya CCM. Chama cha upinzani, shirika lisilo la kiserikali, hata familia isiyotaka harusi yake ihusishwe na siasa, vikawa na sababu ya kutafuta mahali pengine. Ukumbi wa halmashauri una vikao vya madiwani, na wa shule una mitihani. Katika miji ambayo mfanyabiashara hakuwa amejenga ukumbi wa kisasa, kanisa likabaki peke yake.

Sababu ya tatu ni fedha. Mwaka 1971 kiongozi wa Kipresbiteri wa Kenya, John Gatu, alitoa wito wa kusitisha kwa muda wamisionari na fedha za kigeni ili makanisa ya Afrika yasimame yenyewe. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliupokea wito huo. Utegemezi haukukatika, lakini kujitegemea, ambako Watanzania walikuwa wakikusikia tangu Azimio la Arusha la 1967, kukawa sehemu ya mazungumzo ya kanisani pia. Zaka, bahasha, sikukuu ya mavuno na mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada vyote vilibeba mzigo huo. Ukumbi ulionekana kuwa chanzo kisichochosha waumini, kwa kuwa fedha zake zinaweza kutoka kwa mtu asiyekaa kwenye benchi lolote la kanisa hilo.

Msimamo wa kwanza: ua wote ni wa ibada

Wanaosimama hapa wanasema mahali palipowekwa wakfu hapakodishwi, na kwamba ukumbi ulio ndani ya ua huo unafuata hadhi ya kanisa. Kwa upande wa Wakatoliki wana mahali pa kuanzia. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1210, unaelekeza kwamba mahali patakatifu paruhusiwe yale tu yanayohudumia ibada, uchaji na dini, na kwamba matumizi mengine yasiyopingana na utakatifu wa mahali yanaweza kuruhusiwa na mwenye mamlaka kwa tukio mojamoja. Novemba 5, 1987, idara ya Vatikani inayosimamia ibada ilitoa barua kuhusu matamasha ya muziki makanisani. Iliweka masharti: maombi yapelekwe mapema kwa maandishi, kiingilio kiwe bure, wanamuziki wasikae eneo la altare, na waandaaji wabebe kwa maandishi gharama, usafi na uharibifu wowote.

Nguvu ya msimamo huu iko kwenye uwazi wake. Mlinzi wa zamu anaelewa na muumini anaelewa. Unalikinga kanisa na siasa vilevile. Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Kenya, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubia kutoka mimbarani. Katazo kama hilo ni rahisi kulitekeleza mahali ambapo milango haijawahi kuwa ya kukodishwa.

Udhaifu wake ni kwamba unavuta kanuni ya kanisa mpaka kwenye ukumbi bila kuonyesha njia iliyopita. Kanuni ya 1210 inazungumzia mahali patakatifu, yaani palipotengwa kwa ibada kwa kuwekwa wakfu au kubarikiwa kwa taratibu za liturujia. Ukumbi uliojengwa kwa semina na karamu za kipaimara hauingii humo kwa sababu tu uko ndani ya uzio uleule. Makanisa ya Kiprotestanti yana mapokeo tofauti kuhusu wakfu wa majengo. Makanisa mengi ya Kipentekoste yalianza ibada zao katika madarasa ya kukodi, magala na majumba ya zamani ya sinema. Jengo la kawaida liliweza kuwa nyumba ya ibada Jumapili na kubaki darasa Jumatatu, na waumini hao hawakuona ibada yao imepungua.

Lipo pia tatizo la nafasi kukaa bure. Tangu miaka ya 1970, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, sehemu kubwa ya sala za katikati ya juma ilihamia majumbani. Misa ya asubuhi ikiisha, kwaya mbili zikifanya mazoezi jioni, ukumbi unabaki umefungwa muda mwingi wa juma. Mchwa na popo hawasubiri kibali cha kamati.

Msimamo wa pili: mlango wazi kwa mji

Hawa wanaanzia kwenye utume. Oktoba 1970, Julius Nyerere aliwaambia wamisionari wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki katika mapambano dhidi ya mifumo inayowakandamiza watu, litapoteza maana machoni pa watu hao. Kwa mtazamo huu, ukumbi ni sehemu ya huduma kama ilivyo zahanati. Kliniki ya watoto, mkutano wa wakulima wa kahawa, darasa la watu wazima, vikao vya vikoba na msiba wa jirani asiye na uwanja vyote vinastahili kupokelewa, bila malipo au kwa fedha kidogo ya umeme.

Uzuri wake unaonekana zaidi pale mji unapokuwa na dini mbili au zaidi. Mwislamu anayefanya mahafali katika ukumbi wa parokia, na Mkristo anayekwenda maulidi kwa jirani, wanajenga ujirani ambao semina za mahusiano ya dini haziufikii. Ukarimu huo una mambo madogo ya kupangwa: jiko lisilotumika kupikia nguruwe siku hiyo, na makubaliano ya mapema juu ya msalaba ulioko ukutani. Uongozi wenye busara huamua kwamba msalaba haufunikwi wala hauondolewi, na humwambia mwombaji hivyo kabla hajalipa. Anayeona hawezi kufanya shughuli yake mbele ya msalaba huenda kwingine bila ugomvi.

Kasoro ya msimamo huu ni kwamba neno bure lina mlipaji wake, ila hatajwi. Umeme wa LUKU hununuliwa, choo hunyonywa, bawaba za milango hung'oka. Kikao cha vikoba cha watu thelathini kinamaliza umeme kidogo na maji ya kunawa tu. Harusi ya watu mia tatu inafanya kazi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Ukarimu ukitolewa kwa zote mbili kwa kipimo kimoja, anayefaidika zaidi ni mwenye sherehe kubwa.

Msimamo wa tatu: ukumbi ujilipie na ulipie mengine

Wengi katika kamati za fedha wako upande huu. Wanataka ukumbi uwe na bei, mkataba, daftari la oda na akaunti, na faida yake ikatengeneze paa la kanisa, iwalipe makatekista na ianzishe chekechea. Wengine huongeza fremu za maduka kwenye uzio wa barabarani, zenye duka la dawa, saluni na wakala wa fedha za simu.

Hoja yao ina uzito, lakini huwa inavuka pale ambapo hesabu haiendi. Inadaiwa kwamba ukumbi huingiza fedha wakati sadaka imepungua. Katika mji unaoishi kwa kilimo, mambo huenda kinyume. Harusi hufuata mavuno kama sadaka inavyoyafuata. Kahawa au mahindi yakianguka, vikapu hupungua na daftari la oda hubaki tupu kwa pamoja. Kwaresima husimamisha sherehe za harusi kwa Wakatoliki. Kilimanjaro, Desemba hujaa kwa sababu watu wamerudi nyumbani, na ukumbi mmoja huombwa na familia tatu kwa Jumamosi moja. Mapato huja kwa mafungu na kukauka kwa miezi. Kamati inayoajiri watumishi wa kudumu kwa kutegemea fedha hizo hujikuta inakopa mwezi wa tatu.

Bei nayo huwekwa kwa kuangalia jirani anatoza nini, si kwa kuangalia jengo linagharimu nini. Mfano wa kubuni unaonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Ukumbi una viti 300 vya shilingi 18,000 kila kimoja, yaani shilingi 5,400,000. Kama viti hudumu miaka mitano, kila mwaka uchakavu wake ni shilingi 1,080,000. Kwa rangi, bati, mabomba na vyoo, zitengwe shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Jumla ni 4,080,000. Ukumbi ukipata sherehe 20 kwa mwaka, kila sherehe inabeba 204,000, na ukiongeza 90,000 za umeme, maji, mlinzi na wasafishaji, gharama halisi ya sherehe moja ni 294,000. Kamati ikitoza 150,000 "kwa kuwa ni watu wetu", pengo ni 144,000 kwa kila sherehe, au 2,880,000 kwa mwaka.

Pengo hilo linazibwa na kapu la Jumapili. Kwa maneno mengine, mjane anayeweka sarafu katika sadaka anachangia harusi ambayo kamati yake imeshawalipa mpambaji, MC na mpiga muziki bila kuomba punguzo kanisani. Anayesema ukumbi wa kanisa usiwe wa biashara hupaswa kueleza kwa nini mzigo huo umwangukie huyo.

Sheria inapoingia

Kwanza ni umiliki. Ardhi na majengo kwa kawaida husajiliwa kwa jina la bodi ya wadhamini ya jimbo au dayosisi, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Parokia au usharika hutumia na kutunza. Kukodisha ukumbi kwa usiku mmoja kunaweza kubaki mikononi mwa uongozi wa mahali, lakini fremu inayopangishwa kwa miaka mitano ni jambo la wadhamini. Muumini aliyechangia tofali, kwa hiyo, hana hisa. Alitoa sadaka, na haki yake ni kuona mahesabu.

Kwa Wakatoliki ipo pia kanuni ya 1298, isiyojulikana sana vijijini. Inakataza mali za Kanisa, isipokuwa zenye thamani ndogo, kuuzwa au kupangishwa kwa wasimamizi wake au jamaa zao hadi daraja la nne la undugu wa damu au wa ndoa, bila ruhusa maalumu ya maandishi. Fremu ya kona iliyokwenda kwa shemeji wa mweka hazina inaangukia hapo moja kwa moja.

Pili ni kodi. Sadaka na ada ya ukumbi si kitu kimoja mbele ya Mamlaka ya Mapato. Hadhi ya hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiji kwa kuwa na mnara na kengele. Inahitaji uamuzi wa Kamishna. Mpangaji wa fremu anayefanya biashara hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha. Kiwango cha kusajiliwa kwa VAT kilipandishwa mwaka 2023 kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, na ukumbi wa mji mdogo ni nadra kukaribia hapo. Kwa hiyo lalamiko la mwenye ukumbi binafsi lina ukweli pale kanisa linapokwepa risiti. Pale linapotoza kidogo kwa kuwa halina mkopo wa benki wa kulipa, lalamiko hilo ni ushindani wa kawaida.

Tatu ni kelele na usalama. Kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2015 hazimwangalii mwenye spika ni nani. Na Februari 1, 2020, watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, umati ulipokanyagana kwenye mkutano wa dini wakikimbilia mafuta ya upako. Huo ulikuwa uwanja wa wazi. Kumbi nyingi za makanisa zina mlango mmoja mkubwa, mlango mdogo wa jikoni uliozibwa kwa masufuria, na madirisha yenye nondo kwa hofu ya wezi. Kikomo cha idadi ya watu kiandikwe kwenye mkataba, na mlango wa pili ubaki wazi muda wote wa shughuli.

Uchaguzi una ugumu wake. Maadili ya uchaguzi Tanzania yanakataza kampeni katika nyumba za ibada. Chama kinaweza kudai kwamba ukumbi si nyumba ya ibada, na kikawa na hoja. Njia salama kwa kanisa ni kutokodisha kwa chama chochote katika kipindi cha kampeni, kuliko kukikubalia kimoja na kukieleza kingine kwa nini ombi lake limekataliwa.

Usiku wa Jumamosi

Hoja zote hizi hukutana kati ya saa sita usiku wa Jumamosi na misa ya kwanza ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maharusi wameondoka, kamati inahesabu kreti, mpiga muziki anakunja nyaya. Sakafu ina maji ya barafu, mifupa na maua ya plastiki. Viti kumi na viwili vimevunjika miguu, na hakuna aliyeviona vikivunjika. Choo cha wanaume kimeziba. Wasafishaji walioahidiwa na kamati ya harusi hawajafika. Alfajiri, wanakwaya wanaokuja kuvaa majoho ukumbini ndio wanaoshika mafagio.

Harusi ya wikiendi moja ikipita hivyo, hasira ya wanakwaya husikika kama hoja ya utakatifu wa mahali. Mara nyingi ni hoja ya mafagio. Dhamana ya fedha inayorudishwa baada ya ukaguzi wa pamoja, viti kuhesabiwa mbele ya mwombaji kabla na baada, saa ya mwisho ya muziki, na msafishaji anayelipwa na kanisa kwa fedha iliyomo ndani ya bei, huondoa sehemu kubwa ya ugomvi ambao vikao vya wazee huujadili kama suala la imani.

Bia ni habari nyingine, kwa sababu hapo imani ipo kweli. Makanisa ya Kipentekoste na ya Kisabato huikataza kabisa. Parokia nyingi za Kikatoliki huiruhusu ukumbini. Kila dhehebu lina haki ya kufuata mapokeo yake. Haikubaliki tu mwombaji kulipa kisha akajua, au sheria kulegezwa kwa mgeni rasmi mwenye cheo.

Kupima

Msimamo wa kwanza uko sahihi kuhusu kanisa lenyewe. Ndani ya jengo la ibada, tukio la nje lisilo la dini libaki la nadra, la kibali cha juu, na lisilo na kiingilio. Kulitoza kama ukumbi ni kulitumia kwa bei ambayo hailipi kile kinachopotea.

Kwa ukumbi na uwanja, kigezo kinachofaa ni aina ya shughuli, si dini ya mwombaji. Kliniki, msiba, darasa, kikao cha vikundi vya akiba na shughuli za waumini kama kipaimara zipate nafasi kwa gharama ya kuendesha tu, awe mwombaji Mlutheri au Mwislamu. Harusi, send-off, kitchen party na semina za mashirika yenye posho zilipe gharama kamili ikiwemo uchakavu, hata kama bwana harusi ni mtoto wa mwinjilisti. Uongozi ukitaka kumpunguzia muumini maskini, upunguze kwa jina lake, na kiasi kiandikwe kwenye mahesabu kama msaada, ili usharika ujue umetoa nini.

Fedha za ukumbi zikae kwenye akaunti yake, na sehemu ya uchakavu isiguswe kulipia mahitaji ya Jumapili, hata mwezi wa tatu. Ziada, kama ipo, ndiyo ya kutengenezea paa la kanisa. Hapo msimamo wa tatu unapata haki yake bila kufanya kanisa litegemee msimu wa harusi.

Linabaki swali la parokia zinazotaka kujenga ukumbi mpya, mkubwa kuliko kanisa, kwa hesabu ya kuurudisha mtaji kwa miaka michache. Katika mji ambao mfanyabiashara ameshajenga ukumbi wenye maegesho, jenereta na feni, soko la harusi limeshagawanyika, na mradi wa namna hiyo unaweza kuwaacha waumini na deni la saruji. Ukumbi wa watu mia moja na hamsini, wenye vyoo vizuri na jiko linalofungika, unatosha kwa kazi nyingi ambazo mji mdogo unazihitaji kweli katikati ya juma. Ukikamilika bila deni, hautakuwa na haja ya kufukuzia harusi ili kulipa mkopo.